Kuhifadhi Chakula Nyumbani Katika Nchi ya Joto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya kaya za mwambao, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja na Dar es Salaam, ambako joto la jikoni mchana wa Januari huzidi nyuzi 30, na pia ni ya kaya za bara zinazoweka mahindi ndani kwa msimu mzima. Majibu hayalingani urefu. Pale ambapo kosa dogo limewahi kuua watu, maelezo yameongezwa.

Chakula kilichopikwa kinaweza kukaa nje kwa muda gani?

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2, kwa sababu bakteria wengi wanaodhuru huzaliana kwa kasi katika joto la kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za sentigredi. Mahali ambapo joto la hewa limepita nyuzi 32, jambo la kawaida kwetu miezi ya kaskazi, ni salama zaidi kuhesabu saa 1 tu.

Wengi hukosea mahali pa kuanzia hesabu. Wao huhesabu tangu watu walipomaliza kula, ilhali muda huanza kwenda pale chakula kinapoepuliwa na kupoa chini ya nyuzi 60. Wali ulioepuliwa saa 6 mchana, ukapakuliwa saa 7 na nusu, kisha ukabaki sufuriani chini ya kawa hadi magharibi, umekwisha kukaa nje kwa saa 6. Kawa ni kifaa kizuri na kinastahili kubaki majumbani mwetu, lakini kazi yake ni kuzuia nzi, vumbi na paka. Bakteria waliomo ndani ya chakula hakiwagusi.

Nikikipasha kiporo mpaka kikachemka, si wadudu wote watakufa?

Bakteria wenyewe wengi watakufa, lakini sumu ambayo baadhi yao wameshaiacha ndani ya chakula haitaondoka. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wali. Mchele mbichi huwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye hujifunga ndani ya gamba gumu linalostahimili maji yanayochemka. Wali ukiiva na kuachwa upoe polepole ndani ya sufuria kubwa, gamba lile hufunguka, bakteria wanazaliana usiku kucha, na aina mojawapo ya sumu wanayoitoa haiharibiki hata wali ukikaangwa asubuhi. Mlaji huanza kutapika ndani ya saa chache. Bakteria wa Staphylococcus, ambao huingia chakulani kutoka mikononi, puani na kwenye vidonda vya mpishi, nao huacha sumu isiyoondolewa na moto.

Kwa hiyo kupasha kiporo hadi kifike walau nyuzi 70 katikati, yaani mpaka kitoe mvuke kila upande, ni lazima, lakini hakutoshi. Kinachoamua usalama wa kiporo cha leo asubuhi ni namna kilivyopozwa jana usiku. Wala usitegemee pua, kwa maana wali wenye sumu hii unaweza kukosa harufu yoyote mbaya.

Ni kweli kwamba chakula cha moto huharibu friji?

Chakula chenye uvuguvugu hakiliharibu. Sufuria nzima ya maharage iliyotoka jikoni sasa hivi ndiyo yenye matatizo, kwa sababu hupandisha joto la vyakula vya jirani, na yenyewe hubaki na moto katikati kwa saa nyingi. Suluhisho ni kukipoza chakula kwa haraka. Utandaze wali kwenye sinia. Mchuzi na maharage uviweke ndani ya sufuria iliyokalishwa katika beseni la maji baridi, ukoroge na kubadilisha maji mara moja au mbili, kisha ugawe katika vyombo vyenye kina kisichozidi sentimita 5. Baada ya dakika 30 hivi vyombo viko tayari kuingia ndani. Kiporo kilichowekwa hivyo kiliwe ndani ya siku 3 au 4.

Kwa nini vyakula vya nazi huchacha upesi kuliko vingine?

Tui lina maji, mafuta, sukari na protini kwa pamoja, na halina ukali wa kuzuia bakteria. Isitoshe, nazi hupitia mbuzi, kifumbu na mikono kabla ya kufika chunguni. Ndiyo maana wapishi wa pwani hawapendi kulaza chakula cha nazi, na katika hilo wana haki kabisa. Ukitaka kupika kwa ajili ya siku kadhaa, chemsha maharage, kunde au mbaazi bila nazi, ugawe kwa mafungu ya mlo mmoja mmoja na kugandisha. Siku ya kula, yeyusha fungu moja, chemsha, ndipo utie tui bichi na kulichemsha vizuri. Ladha nayo huwa bora kuliko ya tui lililopashwa mara mbili.

Je, naweza kuuacha uji wa mtoto kwenye chupa ya chai kutwa nzima?

Hapana. Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mlaji ni mtoto ambaye kuhara kwa siku 2 kunaweza kumfikisha hospitali. Mama anayekwenda kazini saa 12 asubuhi hupika uji, huutia kwenye chupa ya chai, na dada wa nyumbani humnywesha mtoto saa 3, saa 6 na saa 9. Chupa mpya na nzuri huweza kuushikilia uji juu ya nyuzi 60 kwa saa kadhaa, lakini chupa ya kawaida, inayofunguliwa mara kwa mara na kujazwa nusu tu, huufikisha kwenye uvuguvugu kabla ya adhuhuri, na uvuguvugu ndio bakteria wanaoutaka.

Kuna njia tatu zenye nafuu. Ya kwanza ni kumwachia mlezi unga uliopimwa ili apike uji kidogo kila mara. Ya pili, kama friji ipo, ni kuupoza haraka, kuuweka humo na kuchemsha fungu moja kwa wakati wake. Ya tatu ni ile ya bibi zetu, uji uliochachushwa, ambao asidi yake huwazuia bakteria wengi. Huo nao ni lazima upikwe, na kikombe kilichobakizwa na mtoto kisirudishwe chupani, kwani mate yake yameshaingia.

Friji liwe na ubaridi kiasi gani, na kipi kikae wapi?

Ndani ya friji pasizidi nyuzi 5, na friza liwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Namba zilizo kwenye kitufe cha kurekebishia si nyuzi joto. Katika mafriji mengi namba kubwa humaanisha baridi zaidi, kwa hiyo kipimajoto kidogo cha friji ni ununuzi wa maana. Mpira wa mlango nao ukaguliwe: bana kipande cha karatasi mlangoni, ufunge, kisha uvute. Kikitoka bila kushikwa, baridi inavuja na umeme unapotea.

Nyama mbichi, kuku na samaki vikae chini kabisa, ndani ya chombo chenye kingo, ili maji yake yasidondokee kachumbari au matunda. Chakula kilichokwisha kuiva kikae juu. Mlangoni ndipo penye joto zaidi, kwa hiyo pafae achari na vinywaji, wala si maziwa.

Umeme ukikatika, nianze kutupa vitu baada ya muda gani?

Friji lisilofunguliwa huhifadhi baridi kwa takriban saa 4. Friza lililojaa, likiachwa limefungwa, hukaa karibu saa 48, na lililojaa nusu hukaa karibu saa 24. Kwa nyumba zenye mgao wa mara kwa mara ni busara kujaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji. Zikiganda huwa akiba ya baridi.

Kuna kipimo kimoja rahisi kwa anayesafiri. Gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu na ukirudishe frizani. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini ya barafu iliyoganda upya, ujue umeme ulikatika muda mrefu hata kila kitu kikayeyuka, na nyama hiyo isiliwe hata kama sasa ni ngumu kama jiwe. Nyama ambayo bado ina chembe za barafu ndani yake, au iliyo baridi kama ya friji, inaweza kugandishwa tena, ingawa itapungua ulaini.

Kwa nini nyama ya Idd huharibika hata ikiwekwa frizani?

Kwa sababu huingizwa nyingi mno kwa wakati mmoja, ikiwa bado na joto la mnyama. Niliwahi kufungua friza siku ya tatu ya Idd el-Haj na kukuta mfuko wa kilo 8 ambao juu ulikuwa mweupe kwa barafu, lakini nilipoukata, nyama ya katikati ilikuwa laini, ya kijani kwa mbali na yenye harufu. Barafu ya nje ilikuwa imelifunika lile joto la ndani kama blanketi. Ilikuwa sadaka, na jirani aliyetuletea alikuwa na nia njema kabisa, nasi tulilazimika kuifukia.

Tangu hapo utaratibu wetu ni huu: nyama hutundikwa au kutandazwa mahali penye kivuli na upepo, ikiwa imefunikwa chandarua dhidi ya nzi, kwa muda mfupi tu ili joto la kuchinjwa lipungue, hukatwa kwa mafungu ya kilo moja au nusu, kila fungu hubonyezwa likawa bapa kama kitabu, kisha mafungu hutandazwa frizani bila kubebana mpaka yagande, ndipo hupangwa. Nyama inayozidi uwezo wa friza hupikwa siku hiyo hiyo au hugawiwa. Vipande vya nyama vilivyogandishwa vizuri hubaki na ubora wake kwa miezi 4 na zaidi, na nyama ya kusaga kwa miezi 3 au 4. Andika tarehe kwenye kila fungu.

Nyama iyeyushwe wapi?

Ndani ya friji, usiku kucha, au katika maji baridi ikiwa imefungwa vizuri, maji yakibadilishwa kila nusu saa. Kuiacha kwenye karo tangu asubuhi hadi jioni hufanya tabaka la nje lianze kuoza wakati moyo wake bado ni barafu. Sambusa zilizogandishwa kwa ajili ya Ramadhani hazihitaji kuyeyushwa. Zikaangwe zikiwa na barafu yake, kwa moto wa wastani, ili ndani nako kuive.

Nifanyeje na samaki niliyemnunua asubuhi sokoni?

Samaki apate barafu kabla hajapata safari. Anayenunua Feri, Dar es Salaam, kisha akakaa kwenye foleni hadi Mbagala akiwa na jodari ndani ya kikapu, amempa samaki saa 2 za joto kabla hajafika nyumbani. Kwa jodari, vibua na jamii ya dagaa hatari yake ni ya pekee: nyama yao ikikaa kwenye joto, bakteria huigeuza sehemu yake kuwa histamini, ambayo haiondolewi na kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Mlaji huwashwa mdomo, huwa mwekundu usoni, moyo humwenda mbio na kichwa humuuma, naye hudhani ana mzio wa samaki. Nenda na ndoo yenye kifuniko na barafu, toa matumbo na matamvua mara ufikapo, osha, kausha kwa kitambaa safi, na umpike ndani ya siku 1 au 2 au umgandishe siku hiyo hiyo.

Sumukuvu ni nini, na inaingiaje kwenye mahindi ya nyumbani?

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus wanaoota kwenye mahindi, karanga, mtama na nafaka nyingine zisizokauka vizuri. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hii yaliwafanya watu 317 waugue huko mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 mkasa kama huo uliwakumba watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, na 20 walifariki. Hao ni walioumwa ghafla. Kula kiasi kidogo kwa miaka mingi kunahusishwa na saratani ya ini.

Sumu hii haionekani, haina ladha, na haiondolewi na kupika ugali. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu jumla isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi, kiasi ambacho jicho haliwezi kukipima. Kwa hiyo kinga yote iko kwenye kukausha na kuweka.

Anika mahindi juu ya turubai au jamvi, kamwe si juu ya udongo mtupu, kwani kuvu hawa wanaishi ardhini. Unyevu unatakiwa usizidi asilimia 13.5. Asiye na mashine ya kupimia atumie chumvi: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, jaza theluthi moja mahindi, tia vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa nguvu kwa dakika moja, kisha uiache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na lazima yarudi juani. Ikitiririka yote hadi chini, mahindi yamekaribia, nami ningeyaanika siku moja zaidi kwa kuwa kipimo hiki hakioni tofauti ya 15 na 13.

Baada ya hapo chambua. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au kuliwa na wadudu ndizo zenye sumu nyingi zaidi, na kuziondoa kwa mkono hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Kinaniuma ninapoona punje hizo zikitengwa kisha zikapewa kuku na ng'ombe: sumu humdhuru mnyama pia, na kwa ng'ombe hupita hadi kwenye maziwa. Zifukiwe.

Na dumuzi je?

Dumuzi, yule ambaye baadhi ya wakulima wa Tanzania walimpa jina la Scania, ni mdudu mgeni mtoboa mahindi aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana kwanza upande wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huweza kugeuza gunia kuwa unga katika miezi michache, na matundu yake humfungulia kuvu mlango. Silaha bora ya nyumbani ni mifuko isiyopitisha hewa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani na gunia nje. Mahindi makavu hujazwa, hewa hukamuliwa, na kila tabaka hufungwa peke yake. Wadudu waliomo humaliza oksijeni na kufa bila dawa yoyote. Mfuko ukae juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, na panya wadhibitiwe, maana tundu moja linaharibu kazi yote. Mahindi mabichi yakiwekwa humo yataoza.

Mkate ukiota ukungu upande mmoja, naweza kukata nikala uliobaki?

Usile. Nyuzi za kuvu hupenya ndani ya vyakula laini mbali zaidi ya pale panapoonekana.

Viazi, vitunguu, nyanya na ndizi vinataka friji?

Viazi na vitunguu vinataka kivuli, ubaridi wa wastani na hewa, kila kimoja mahali pake, kwa sababu vikikaa pamoja huharibiana upesi. Kiazi kilichopigwa na mwanga kikawa cha kijani kimejenga sumu ya solanini; sehemu hiyo ikatwe kwa kina, na kikiwa cha kijani kote kitupwe. Nyanya ziive nje, kisha zilizoiva sana ziingie friji. Ndizi huwa nyeusi ganda kwenye baridi, na zikiwekwa karibu na matunda mengine huyaivisha, jambo zuri kwa parachichi bichi na baya kwa mchicha.

Mayai yaoshwe kabla ya kuwekwa?

Yasioshwe. Ganda lina utando wa asili unaoziba vitundu vyake, na maji huuondoa. Yafutwe kwa kitambaa kikavu. Yai linaloelea kwenye maji ni la zamani, lakini linalozama si lazima liwe halina salmonela, kwa hiyo liive vizuri.

Vyombo gani havifai?

Ndoo zilizowahi kubeba rangi, dawa za shambani au kemikali yoyote hazifai, hata zikioshwa mara kumi. Mafuta ya taa yasitiwe kamwe kwenye chupa ya maji au soda, kwa sababu ya watoto. Vyakula vikali kama mchuzi wa nyanya, ukwaju na achari visilazwe kwenye sufuria za alumini. Vihamishiwe kwenye kioo au plastiki ya chakula.

Asiye na friji afanye nini?

Apike kinachotosha mlo mmoja, anunue vibichi kila siku, na ajizoeze akiba isiyotaka umeme: dagaa wakavu, ng'onda, papa wa chumvi, maziwa ya mgando, nafaka na kunde kavu. Maziwa mabichi yachemshwe mara yanapofika.

Kwa mboga, pipa la vyungu viwili lina msaada. Chungu kidogo huingizwa ndani ya kikubwa, katikati hujazwa mchanga unaotiwa maji asubuhi na jioni, na juu hufunikwa kitambaa kibichi. Maji yanapokauka huchukua joto. Mwalimu Mohammed Bah Abba aliusambaza ubunifu huu kaskazini mwa Nigeria miaka ya 1990. Hufanya kazi vizuri penye hewa kavu kama Dodoma au Singida, ambako mchicha na nyanya hudumu siku kadhaa zaidi. Tanga au Unguja, ambako hewa tayari imejaa unyevu, maji hayakauki kwa kasi na faida yake ni ndogo. Na kokote kule, chungu hicho ni cha mboga na matunda. Nyama, samaki na wali uliopikwa visiwekwe humo.